Siku ya Maji Kupwa: Mwongozo wa Kuwapeleka Watoto Mwambani kwa Familia Zinazosomesha Nyumbani

Wazazi wanaoanza kusomesha watoto nyumbani huniuliza maswali yale yale. Tuwapeleke wapi? Nitawafundisha nini huko na mimi sikusomea sayansi? Nitajuaje kama wamejifunza au wamecheza tu? Nimeona afadhali niyajibu kwa kueleza kazi moja kamili, tangu kupanga hadi kesho yake, kuliko kutoa orodha ndefu ya mahali pa kutembelea. Kazi yenyewe ni asubuhi moja juu ya mwamba wa bahari, maji yakiwa yamekupwa, yaani yameshuka na kuuacha mwamba wazi. Naandika nikimfikiria anayeishi Mombasa, Kwale au Kilifi, lakini wa Tanga na Unguja pia atafaidika, maana saa za maji huko hazitofautiani sana na za kwetu.

Matembezi huwa somo yanapokuwa na swali moja, na yanapopata siku ya kazi za mikono kabla yake na nyingine baada yake. Yakikosa hayo, watoto watafurahi, nawe utafurahi, lakini wiki ikianza hakutakuwa na cha kuendeleza.

Vitu vya kutayarisha

- Raba kuukuu za kufunga kamba, kwa kila mtu, pamoja nawe. Ndara hazifai kabisa. Huchomoka kwenye maji, na chaza walioganda kwenye mawe hukata mguu vibaya.
- Kofia, na maji ya kunywa lita moja kwa kila mtu, ndani ya chupa za kudumu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa, zikiwemo za baharini.
- Chakula kisichoharibika upesi: mahamri, mayai ya kuchemsha, ndizi. Kitie kwenye kikapu.
- Kamba ya mita mbili na vijiti vinne vya kutengenezea fremu.
- Vijiti vingine sita vya urefu wa mkono, tepu ya fundi, na saa.
- Daftari na penseli. Wino huchuruzika ukilowa.
- Bakuli jeupe, na chupa tupu ya kuchotea maji ya bahari.
- Sanduku la huduma ya kwanza lenye kibano na bandeji, pamoja na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Kazi ya maji hayo nitaieleza huko mbele. Usiyaache nyumbani.
- Mtu mzima mmoja kwa kila watoto watatu. Mwenye mtoto mchanga mgongoni usimhesabu.

Hatua kwa hatua

1. Chagua swali moja. "Tujifunze kuhusu bahari" si swali. Kwa safari ya kwanza napendekeza hili: konokono wa baharini ni wengi wapi, karibu na mchanga, katikati ya mwamba, au karibu na mawimbi? Mtoto wa miaka mitano analielewa, wa miaka kumi na mbili analifanyia hesabu, na wewe huhitaji kulijua jibu mapema. Liandike kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Chini yake kila mtoto aandike anachodhani, na sababu yake. Asisahihishwe.

Kosa la kawaida hapa ni kuunganisha mwamba, ngome ya Fort Jesus na bustani ya wanyama ya Haller Park katika siku moja kwa kuwa nauli imeshalipwa. Kila mahali pale pana siku yake.

2. Tafuta siku kwa mwezi, kisha kwa jedwali. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tusiharakishe.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Lakini hayapwi sawa kila siku. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja. Hayo ndiyo maji ya bamvua, yanayojaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu. Yanasogea kidogo tu, na mwamba hauonekani vizuri.

Kalenda ya Kiislamu ukutani inakupa hesabu hiyo bila intaneti. Tarehe 1 hadi 4 za mwezi mwandamo, na tarehe 15 hadi 18, ni siku za bamvua. Tarehe 8 au 9, na 23 au 24, ni za maji mafu. Jambo zuri kwetu sisi wa pwani hii ni kwamba siku za bamvua maji hukupwa kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana. Ni saa ambazo mtoto ameshakunywa chai na yuko macho, na kwa kuwa hamfungwi na kengele ya shule mnaweza kwenda Jumanne, ufuo ukiwa mtupu.

Wape watoto kazi ya kuchora mwezi kila usiku kwa wiki mbili kabla ya safari. Wakishachora, waambie wao ndio wapendekeze siku.

Halafu thibitisha kwa jedwali la maji la bandari ya Kilindini. Tafuta siku ambayo maji ya chini kabisa ni nusu mita au pungufu. Kumbuka majedwali huandikwa kwa saa za tarakimu: 10:40 ni saa nne na dakika arobaini asubuhi, na 22:40 ni usiku. Mweke mtoto mkubwa asome jedwali, nawe uhakiki.

Msimu pia una neno lake. Wakati wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, bahari ni tulivu na maji ni maangavu. Wakati wa kusi mawimbi ni makubwa na mwani hurundikana ufuoni. Kama hii ni mara yenu ya kwanza, subirini kaskazi.

3. Chagua mahali panapofikika kwa miguu. Tiwi ina vidimbwi vizuri sana vya mwambani. Kanamai ina maji mafupi na nafasi pana. Nyali ni karibu kwa wa mjini, lakini ukiingia ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa kuna kiingilio cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na ni lazima ufuate masharti yao. Kuruwitu, upande wa Vipingo, sehemu ya bahari inalindwa na wanakijiji wenyewe, kwa hiyo omba ruhusa kwao kwanza. Ukiweza, nenda siku moja kabla ukapaone bila watoto. Angalia njia ya kushukia, choo kiko wapi, na kivuli kiko wapi.

4. Siku ya kutangulia, fanyeni hesabu ya maji mezani. Mabaharia wana kanuni ya mafungu kumi na mawili. Gawa tofauti ya maji ya juu na ya chini kwa 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa, maji hupanda fungu 1. Saa ya pili, mafungu 2. Ya tatu, 3. Ya nne, 3. Ya tano, 2. Ya sita, 1.

Chukua mfano wa siku ambayo maji ya juu ni mita 3.7 na ya chini ni mita 0.1. Tofauti ni mita 3.6, na fungu moja ni sentimita 30. Saa ya kwanza maji yatapanda sentimita 30. Saa ya pili yataongeza 60, jumla 90. Saa ya tatu yataongeza 90 nyingine, na jumla itakuwa mita 1.8, kimo kinachompita baba wa nyumba nyingi.

Waache watoto wachore mistari hiyo ukutani kwa chaki, kisha kila mmoja asimame kando yake. Sijawahi kuona njia bora ya kufundisha sehemu ya namba nzima, na somo hilo hilo ndilo litakalowafanya wakutii mwambani ukisema turudi.

Jioni hiyo tengenezeni fremu. Funga kamba ya mita mbili kwenye vijiti vinne ili kila upande uwe nusu mita. Gawa kazi: nani mwenye saa, nani mwandishi, nani wa fremu, nani wa tepu. Asiye na kazi ndiye atakayelalamika kwamba amechoka.

5. Fikeni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa. Kama kupwa ni saa nne na dakika arobaini, muwe mmeshavaa raba saa tatu na dakika kumi. Chomekeni kijiti cha kwanza pale maji yanapoishia. Kila baada ya robo saa, mwenye saa anaita na kijiti kingine kinachomekwa mahali maji yalipofikia. Pimeni umbali kati ya vijiti na kuuandika. Wadogo hupenda kazi hii mno, kwa sababu wanaiona bahari ikiondoka mbele ya macho yao.

Kabla ya kuondoka mchangani, semeni masharti kwa sauti, nao wayarudie:

- Hatuokoti kombe lolote. Baadhi ya konokono wenye kombe lenye umbo la pia na michoro mizuri wana sumu inayoweza kuua mtu. Mtoto hawezi kuwatofautisha, na wewe pia huenda usiweze.
- Hatutii mkono kwenye shimo.
- Tunakanyaga mchanga na mwamba mtupu. Hatukanyagi matumbawe hai.
- Majini tunaburuza miguu, ili samaki aitwaye taa, aliyejilaza mchangani, asikie na aondoke.
- Jiwe lililogeuzwa linarudishwa lilivyokuwa. Wanaoishi chini yake hufa kwa jua.

6. Dakika ishirini za kwanza, usifundishe. Waache watazame, wainame, waitane. Utaona jongoo bahari, kiti cha pweza (mnyama mwenye umbo la nyota), kaa wa kila namna, na samaki wadogo waliobaki kidimbwini. Mtoto akiuliza jina usilolijua, mwambie achore na aandike mahali alipokiona. Jina litatafutwa nyumbani.

Mkikutana na mvuvi wa pweza, watoto wamwamkie kwanza, "Shikamoo mzee," kisha waombe kumuuliza swali moja. Liwe hili: anageuka kurudi saa ngapi, na anajuaje? Waandike jibu kama alivyolisema. Wavuvi wengi hufurahi kuulizwa, ila usimcheleweshe, maana saa za kupwa ndizo saa zake za riziki.

7. Sasa hesabuni. Weka fremu mara tatu karibu na mchanga, mara tatu katikati, na mara tatu upande wa mawimbi, pale tu ambapo mawimbi hayawafikii. Mtoto asichague penye konokono wengi. Afumbe macho na kutupa kijiti, na kinapoangukia ndipo fremu iwekwe. Hesabuni kila konokono aliye ndani ya kamba na kuandika mara moja. Kichwa kikipigwa jua hakihifadhi namba.

Kazi hii huchukua karibu saa moja. Ikianza kuwachosha, punguzeni ziwe fremu mbili kila mahali. Hesabu chache zilizoandikwa vizuri zitawafaa kuliko tisa za kukisia.

Mwishowe chota maji ya bahari kwenye chupa.

8. Saa ya kupwa ndiyo saa ya kugeuka. Hili sina mzaha nalo. Maji yakifika chini kabisa, hata kama hesabu haijaisha, kila mtu anaelekea ufuoni. Sababu ni kwamba maji yanaporudi hayaanzi na mwamba mnaosimama. Hujaza kwanza mikondo na mabonde yaliyo nyuma yenu, kati yenu na mchanga. Mtu anaweza kuwa amesimama pakavu huku njia ya kurudi imeshafika kiunoni.

Hesabuni vichwa mwambani, na tena mchangani. Kuleni kivulini, kisha mwende nyumbani.

9. Jioni ile, waeleze tu. Usitoe mtihani. Kila mtoto amsimulie mtu ambaye hakwenda, awe baba, nyanya au jirani, jambo moja aliloliona. Wewe andika maneno yake chini ya tarehe. Kurasa hizo ndizo ushahidi wako wa masomo, na zina uzito kuliko picha mia za simu.

10. Siku inayofuata, kazi za mezani. Gawanyeni katika vipindi viwili au vitatu.

*Hesabu.* Tafuteni wastani wa kila eneo. Fremu za katikati zikitoa 12, 7 na 11, jumla ni 30 na wastani ni 10. Fremu ni robo ya mita mraba, kwa hiyo mita mraba nzima ina kama konokono 40. Choreni grafu ya mihimili mitatu, kisha mrudi kwenye ukurasa wa kwanza mkasome kila mmoja alidhani nini. Hapa ndipo swali la kwa nini linakuja lenyewe: nani anaweza kuvumilia ukavu kwa muda mrefu, nani anahitaji kulowa kila mara, na nani huliwa na nani.

*Chumvi.* Chuja glasi moja ya maji ya bahari kwa kitambaa safi, kisha chemsha polepole kwenye sufuria ndogo hadi yakaribie kukauka. Malizia juani kwenye sahani ili yasiruke na kuunguza. Lita moja ya bahari ina chumvi takriban gramu 35, basi glasi ya mililita 250 itaacha karibu gramu 9. Waambie kuhusu mabwawa ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, ambako jua hufanya kazi hiyo hiyo kwenye maeneo makubwa.

*Siki na kombe.* Chukua kipande cha kombe lililotoka jikoni au soko la samaki, kitie ndani ya glasi ya siki. Povu litatoka. Fanya vivyo hivyo kwa ganda la yai, kisha kwa kipande cha jiwe la matumbawe lililovunjika pembeni mwa ujenzi. Yote matatu yana chokaa. Kutoka hapo ni hatua fupi hadi kwenye kuta za Mji wa Kale, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na kulainishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Safari yenu ya pili imejipanga.

Mambo yakienda kombo

*Mtoto amechomwa na miiba mieusi mirefu ya mnyama wa mviringo wa mwambani.* Mtoe majini, mketishe. Vuta kwa kibano miiba inayoonekana tu, usichokoe iliyokatikia ndani. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuvumilia, ukiyajaribu kwanza kwa mkono wako. Hiyo ndiyo kazi ya ile chupa ya chai. Mwiba ukiwa kwenye kiungo, au uvimbe ukizidi, nenda hospitali.

*Maumivu makali ghafla baada ya kukanyaga "jiwe".* Huenda ni samaki mwenye miiba ya sumu anayefanana na jiwe. Maji ya moto tena, na hospitali mara moja, bila kusubiri kuona kama atapata nafuu.

*Hatukuona chochote.* Mara nyingi mlikwenda siku ya maji mafu au mlitembea upesi mno. Simameni penye kidimbwi kimoja dakika kumi bila kutupa kivuli juu yake. Waliojificha watatoka.

*Mkubwa amechoshwa na mwendo wa wadogo.* Mpe swali lake mwenyewe. Anaweza kulinganisha kasi ya maji kwa vijiti na ile kanuni ya mafungu, aone kama inakubali.

*Mtoto amejaza makombe mfukoni.* Rudisheni yote palepale, kwa upole. Hata kombe tupu ni nyumba ambayo kaa fulani anaitafuta.

*Siku tuliyopata likizo ni ya maji mafu.* Nendeni kwenye mikoko. Ujia wa mbao wa Mida Creek, karibu na Watamu, unafaa hata kwa mwenye mtoto mchanga. Swali la huko liwe: mti gani uko karibu zaidi na maji? Tafuteni mlilana, mkoko, mkandaa na mchu. Jani la mchu likiguswa kwa ulimi lina chumvi, kwa sababu mti huo huitoa kupitia majani yake.

*Wazee nyumbani wanasema hii si shule.* Usibishane. Mpe mama mkwe daftari, umwombe mtoto amsomee grafu yake. Kama mzee amekulia pwani, mwulize mbele ya watoto jinsi walivyokuwa wakihesabu maji zamani, na mtoto aandike.

*Tunaishi Nairobi.* Kabla ya kukata tiketi ya treni ya kuja Mombasa, angalia mwezi. Panga mfike mkesha wa bamvua, tarehe 14 au mwisho wa mwezi mwandamo, ili mpate asubuhi tatu za maji kupwa mfululizo. Ya kwanza muitumie kuzoea mahali, ya pili kuhesabu, na ya tatu muiweke akiba kwa ajili ya mvua. Kila siku maji yatachelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo chai ya asubuhi nayo isogezwe.